Picha Niliyoituma Ujiji

Nimechoka na kupiga picha. Nasema mapema ili asije mtu akadhani nasimulia haya kwa mapenzi ya kazi. Magoti yananiuma, kamera imekuwa nzito kuliko zamani, na watu wa Mji wa Kale siku hizi ukiwaelekezea kamera wanakuuliza, "Hiyo utaiweka wapi?" hata kabla hawajaitikia salamu. Wana haki yao. Mimi mwenyewe nikielekezewa huuliza vivyo hivyo.

Riziki yangu ni arusi. Hapa Mombasa sherehe za wanawake hupigwa picha na wanawake, na picha hizo hazitoki nje. Siku ya kupamba, bibi arusi anapoketishwa atazamwe, nywele wazi na mabega wazi, simu za wageni wote hukusanywa mlangoni zikatiwa mkobani, na mama mmoja mkali akawekewa kiti azilinde. Mimi ndiye peke yangu mwenye ruhusa ya kuingia na kamera. Miaka kumi na tatu sasa, na hakuna picha hata moja iliyotoka mkononi mwangu ikaonekana na asiyehusika. Najulikana kwa hilo kutoka Makadara hadi Tudor. Picha ninazozipenda mwenyewe, za barabarani, hakuna anayezijua.

Hizo huzipiga asubuhi, nikiwa na buibui langu na kamera chini ya mtandio. Nawapiga watu wa kuja: wasukuma mikokoteni, wauza njugu waliotoka Burundi, wanawake wa Kaloleni na Kinango wanaofulia watu nguo. Jirani yangu hukereka. "Wewe nawe! Kila siku watu wa kuja. Wenyeji hatuna sura?" Namwambia babu yangu mzaa baba alishuka hapa kutoka Kachi, Bara Hindi, na cherehani moja na mke anayetapika, kwa hivyo aniache nipige picha jamaa zangu. Yeye hucheka. Mimi sicheki sana.

Tabia hii niliipata Kuala Lumpur, Malaysia. Nilikaa kule miaka saba. Nilimfuata mume aliyekwenda kusoma. Masomo yakamshinda mwaka wa pili, ndoa ikatushinda mwaka wa tatu, naye akaondoka, nikabaki mimi nikiosha masufuria jikoni mwa mkahawa wa Waarabu. Siku sita kazini, Jumapili mapumziko. Nilinunua kamera kuukuu kwa mama mmoja wa Kifilipino aliyekuwa akirudi kwao, na kila Jumapili nikawa naenda nayo mtaa wa Pudu, kwa sababu ndiko wageni wote wa mji ule walikokuwa wakikutana. Walikuwapo Wabangladeshi wa majengo, walinzi wa Kinepali, watumishi wa nyumbani wa Kiindonesia. Waliketi juu ya maboksi kando ya njia, wakila wali uliofungwa kwa karatasi, wakizungumza na kwao kwa simu huku kidole kimoja kimeziba sikio la pili, maana treni zilikuwa zikipita juu ya vichwa vyetu na mvua ya alasiri haikosi.

Wakiona kamera walinikimbilia. Lakini hawakutaka wapigwe wakila. Walifuta midomo, wakachomekea mashati, wakaenda kusimama mbele ya gari la mtu au mlango wa vioo wa hoteli ambayo mlinzi wake alishaanza kuwatolea macho. Jumapili moja niliona saa moja ya mkono ikipita mikono mitano ya wanaume watano, wallahi, kila mmoja akipigiwa picha nayo. Hakuna aliyeona haya. Picha ile haikuwa yao, ilikuwa ya waliobaki nyumbani.

Na mimi nilikuwa na yangu. Nilisimama mbele ya ile minara miwili mirefu ambayo mji ule unajulikana kwayo, nimevaa koti la mwenzangu wa jikoni, mwanamke wa Surabaya, Indonesia, nikamtumia mamangu. Mamangu aliitia fremu akaiweka juu ya kabati la ukumbini kwake Bondeni, na wageni wakiuliza akawaambia mwanawe yuko ofisini. Miaka saba ananitazama ofisini, na mimi mikono inanuka sabuni na mafuta ya kondoo. Kwa hivyo nilikuwa nikijua. Nataka ieleweke hivyo. Sikuwa mgeni wa mambo haya, na ndiyo maana hadi leo nikikumbuka nililolifanya najiona mpumbavu.

Huyu niliyemfanyia alikuwa mtu wa maji. Mifereji yetu hukauka nusu ya wiki, na maji huletwa na mikokoteni iliyojaa madumu. Wangu alikuwa mtu wa Ujiji, Tanzania, wa rika langu, hamsini hivi, mwembamba, mwenye adabu hadi anaudhi. "Samahani dada, naomba nipite," hata mahali ambapo hapana mtu wa kumzuia. Sisi Wamombasa adabu zetu nyingi huishia kwenye salamu, ukishaulizwa hali na watoto na majirani basi kila mtu na yake. Yeye adabu yake haikuisha. Alinipandishia madumu mawili mawili hadi ghorofa ya tatu, akipumzika mara moja ngazi ya pili, na kwa miaka mitatu ya kujuana hakuwahi kunisimulia habari za kwao.

Alhamisi moja asubuhi alimimina maji kwenye pipa, kisha hakuondoka. Akasimama mlangoni na madumu matupu mkononi.

"Kuna nini, kaka?" nikamuuliza.

"Samahani dada. Nilikuwa naomba unipige picha. Uwatumie nyumbani, wajue nipo."

"Kwani hamzungumzi?"

"Mwaka wa nne huu hatujazungumza."

"Miaka minne! Ulikatwa mikono usishike simu?"

Akatabasamu akitazama sakafu. "Nilikuwa nangoja nipate la kusema."

Akanitolea karatasi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, yenye nambari ya dada yake. Simu yake yeye ilikuwa kile kidude cha vitufe kisichopokea picha. Tukaagana kukutana baada ya sala ya adhuhuri, akabadilishe nguo kwanza.

Kabla ya adhuhuri hiyo nikapita Bondeni kwa shughuli zangu nikamkuta amejipumzisha kivulini, kando ya ukuta wa msikiti. Ameegemea madumu, shingo imelala upande, macho yamefumba, mikono imekaa magotini viganja vikiwa juu. Uchovu wote wa mtu ulikuwa pale. Nikampiga bila kumwamsha. Madumu yalikuwa ya buluu na manjano na ukuta wa kijani, rangi zinapiga kelele, kwa hivyo nilipoitia picha kwenye simu nikazitoa zote, nikaiacha nyeusi na nyeupe. Hapo uso ukatokeza, kila mkunjo. Nilifurahi. Ilikuwa miaka sijapiga picha kama ile.

Baada ya sala akaja na kanzu aliyoazima kwa muadhini, yenye mikono iliyomfupia, na kofia. Alishachagua mahali: mbele ya mlango wa nakshi wa nyumba moja ya Mji wa Kale, ule ambao watalii hupanga foleni kuupiga. Akasimama wima kidevu juu, mikono imenyooka ubavuni. Nikapiga tatu bila hamu. Akanishukuru mara nne.

Alasiri nikakaa jikoni na simu, picha mbili mbele yangu. Ile ya kanzu nilipoiangalia nikapandwa na hasira, hasira ya kweli. Nililiona lile koti la yule mwanamke wa Surabaya. Nilimwona mamangu na fremu yake. Nikasema, aka! Kwa mkono wangu uongo huu hautapita tena, na wajue mtu wao anavyochoka. Nikatuma ile nyingine, peke yake. Sikuandika neno, kwa sababu muuza samaki alikuwa akiniita kule chini, na kwa sababu niliamini kwamba picha nzuri inajitosheleza. Nikashuka kuchagua samaki.

Msomaji wa kwetu ameshaona ambalo mimi sikuliona. Siku hizi, hapa petu na kule Tanzania, mtu akifa picha yake huenea kwenye simu kabla imamu hajapata habari, na picha hiyo hutolewa rangi. Maneno hayahitajiki. Ukimwona ami yako kwenye simu ya mtu yuko mweusi na mweupe, unaziba mdomo, unaketi. Misiba mingi mimi mwenyewe nimeijua hivyo. Lakini siku ile nilikuwa msanii, Mungu anisamehe. Niliwatumia watu wa Ujiji, kutoka nambari wasiyoijua ya nchi nyingine, ndugu ambaye hawajamsikia miaka minne, amefumba macho, viganja wazi, hana rangi, na chini yake hapana hata salamu.

Usiku wa Alhamisi nilikuwa na kupamba, Ijumaa nyingine, Jumamosi nyingine. Wiki za arusi mimi simu huizima intaneti, maana mama za mabibi arusi hawana huruma, wataka picha kabla hata hujavua viatu. Niliona nimepigiwa mara tano na nambari ya Tanzania. Nikasema, matapeli hawa, hawachoki. Nikalala.

Jumapili asubuhi, chai mkononi, nikafungua. Zikaingia kwa mpangilio wake.

"Innalillahi wainna ilayhi rajiun."

"Ndugu, tafadhali pokea simu."

Kisha za Ijumaa: "Tumekubali kadari. Tuambie amezikwa wapi. Amesaliwa msikiti gani? Nani alimwosha? Mkewe anauliza kama sanda ilikuwa safi."

Kisha ya Jumamosi: "Mkewe ameingia eda. Hitima ni kesho Jumapili baada ya alasiri. Mungu akulipe kwa kumstiri ndugu yetu ugenini." Na picha ya ua wa nyumba, turubai limefungwa, watu wameketi mikekani.

Walikuwa wakinishukuru. Nikakaa chini kwenye sakafu ya jikoni, nikasema lahaula, lahaula, kama kanda iliyokwama. Kisha nikapiga ile nambari. Haikupokelewa. Nikapiga tena. Nyumba ya msiba, nani atashika simu. Ilikuwa yapata saa tano na nusu, na alasiri watamsomea hitima mtu ambaye wakati ule huenda alikuwa akipandisha maji kwa mtu. Nikajifunga mtandio nikashuka kumtafuta, nipate sauti yake, kwa sababu yangu mimi ni nani angeiamini?

Msikitini Bondeni hakuwapo. Wenzake wakanielekeza Makadara, kwenye bomba wanakojazia. Nilikwenda kwa mguu huku goti linanitukana. Nikamkuta mstarini, ameketi kwenye ukingo wa mkokoteni wake, anapepea uso kwa kofia.

"Shikamoo dada," akasema. Siku zote hunitania kwa shikamoo ile, maana hakuna kati yetu ajuaye nani mkubwa.

Sikuitikia. Nikamwambia pale pale, nimesimama, bila kuzungusha: picha gani nilituma, ilikuwaje, na wao walielewa nini. Nilitaraji anitukane. Nilikuwa nimejitayarisha kutukanwa, na ningepumua. Aliuliza jambo moja tu.

"Wamesoma hitima?"

"Leo. Baada ya alasiri."

"Watu wamekuja?"

Nikampa simu. Akaitazama ile picha ya ua kwa muda mrefu, akaivuta kwa vidole ikawa kubwa, akaenda uso mmoja mmoja. Mstari ukasogea mbele, yeye hakusogea. Mtu wa nyuma yake akampita na madumu yake akanung'unika. Kisha kidole chake kikasimama juu ya mtu mmoja aliyeinama akitandika mkeka.

"Huyu kaka yangu," akasema. "Niliuza michikichi ya baba nipate nauli ya kuja kutafuta maisha. Fungu langu, lakini niliuza bila kumwambia. Tangu siku hiyo hakunisemesha. Nilipoondoka alifunga mlango." Akaigusa tena ile picha. "Anatandika mikeka."

"Mpigie basi! Mpigie sasa hivi, nambari ya dada yako hii hapa."

Akanirudishia simu polepole. "Waache, dada."

"Niwaache vipi?"

"Wameshanilia. Wamenisamehe. Tazama walivyojaa." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayekwambia maji ya leo yana chumvi. "Miaka hii yote nafikiri nitarudi vipi. Leo sihitaji. Nikifufuka sasa, nifufuke na nini mkononi?"

Mimi mtu wa hasira, nimeshasema? Basi nilimpandia, katikati ya Makadara, watu wanasikia. Nikamwambia hana akili. Nikamwambia kuna mwanamke amefungiwa chumbani tangu juzi, amevua dhahabu kama anayo, hatoki, hajipaki hata wanja, miezi minne na siku kumi, kwa ajili ya mwanamume anayejipepea kwa kofia! "Dhambi yake utaibeba wewe peke yako, au mimi nikusaidie upande mmoja?"

"Akimaliza eda ataolewa," akasema. "Bado mzuri. Mtu mzuri."

"Basi kama unataka aolewe mpe talaka, kwa mdomo wako, ukiwa hai. Usimpe maiti ya kukopa!"

Hapo akaziba uso kwa mikono. Alilia bila sauti, mabega tu. Nikaona haya. Watu wa mstarini wakageuka wakajifanya wanatazama bomba, na mwanamke mmoja anayeuza viazi karai pale kando akanivutia ndoo niikalie.

Nikakaa karibu naye. Hasira iliniishia, ukabaki ule uchovu wangu wa siku zote. Nikamweleza habari za Kuala Lumpur, ambazo sijawahi kumweleza mtu wa hapa. Kwamba nilikaa miaka miwili ya mwisho kwa sababu moja tu, kuona haya. Nauli nilikuwa nayo. Nilichokosa ni jibu la kuwapa watakaoniuliza nimeleta nini. Mamangu aliugua katika miaka hiyo, akauguzwa na majirani, na mimi niko kule naogopa kuulizwa. Nilipofika nilimkuta haoni vizuri. Alinishika mikono akaipapasa, viganja vyangu vigumu vya sabuni, akajua kila kitu, na hakuniuliza. Alitaka tu nikae karibu apate kunishika. Miezi minane, kisha akafa.

"Mimi niliibiwa miaka miwili na haya," nikamwambia. "Na aliyeniibia ni mimi."

Akafuta uso kwa mkono wa shati. Akaitazama simu kwenye paja langu, kisha akaitikia kwa kichwa, kidogo sana, ningekuwa nimepepesa macho nisingeona.

Nikapiga, nikaiweka sauti wazi. Mara ya tatu ikapokewa. Nikasikia makelele ya vyombo na wanawake, kisha sauti ya dada yake. Nikajitambulisha, nikaomba radhi, nikasema ndugu yenu yuko hai, hakufa, kosa ni langu na picha yangu. Akanifokea kwamba wao ni watu wa msiba na kama nimekosa mtu wa kumfanyia mzaha nikatafute mwingine.

"Dada," akasema yeye, akiinamia simu. "Ni mimi."

Ule ukelele wa upande wa pili siwezi kuuandika. Simu ilianguka, ikaokotwa, watu wakawa wanaitana majina ya Mwenyezi Mungu. Mtu mmoja alikuwa akisema, "Mpelekeeni mkewe! Mpelekeeni mkewe chumbani!" Ikasikika milango. Kisha kukatulia, tukasikia mtu anapumua.

"Ni wewe?" mwanamke akauliza.

"Ni mimi, mama watoto."

Nilidhani atalia. Alipozungumza sauti yake ilikuwa kavu, nami nikaufahamu ule ukavu, ni wa mtu aliyekwisha lia kabla.

"Miaka minne nilikuwa sijui mimi nani," akasema. "Watu wananiuliza, una mume? Sijui la kuwajibu. Nikipika sijui nikubakishie, sijui nisikubakishie. Tangu Alhamisi nimejua. Nimelia, nimemaliza, usiku wa jana nimelala. Nimelala usingizi mimi! Sasa unanipigia."

"Nisamehe."

"Sikutaka hilo. Uko hai?"

"Niko hai."

"Unakuja?"

Alitazama madumu yake. Alitazama mikono yake. Mimi niliuma ulimi, wallahi niliuma hadi ukauma kweli, nisije nikamjibia.

"Sina kitu," akasema. "Sina chochote cha kuja nacho."

"Nimekuuliza una nini?"

Yule mwanamke wa viazi karai akaacha kukoroga. Bomba lilikuwa likimwagika bure na hakuna aliyelifunga.

"Kama huji," akasema mkewe, "sema. Watu wako hapa, chakula kiko jikoni, niache nikae eda yangu kwa amani, mimi sitamwambia mtu umepiga. Na kama unakuja, sema."

"Nakuja."

"Sema tena."

"Nakuja."

"Basi natoka eda," akasema. "Lakini usikie. Nimeshakulilia mara moja. Usipofika, sikulilii tena."

Simu ikakatika. Alikaa kidogo mikono imekaa magotini, kisha akasimama, akamwachia yule wa nyuma yake mkokoteni mzima na madumu yake yote, akaniuliza mabasi ya Tanga huondoka saa ngapi.